Usiwakatize Wakigombana

Nakuru, Jumapili jioni

Kwako mwanangu,

Umeniuliza kuhusu utafiti wako wa wanandoa wa Maseno, unaotaka kujua kila mmoja huwaza nini wakigombana: je, uwasimamishe katikati ya ubishi, umuulize kila mmoja anawaza nini wazo likiwa bado moto? Usifanye hivyo. Ukishawakatiza, ugomvi unaoupima si ugomvi wao tena, na wewe umo ndani. Mtu akijua swali linakuja, huanza kuzichunga hata fikira zake.

Miaka ya 1970 John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, na wenzake walitumia meza yenye vibonye: msemaji alipima kauli yake aliikusudia vipi, msikilizaji akapima ilimfikia vipi. Ilifundisha mengi, ila watu walilazimika kuongea kwa zamu, na nyumbani hakuna anayegombana kwa zamu.

Wewe tumia video. Siku ya kurekodi, kwanza kila mmoja, akiwa peke yake, aorodheshe mambo wanayobishania na kuyapa uzito wa 1 hadi 10. Chagua jambo la 5 au 6 kwa wote wawili. La 2 halitawasha kitu, la 9 huenda likawafuata nyumbani. Waache waongee dakika 10, wewe ukiwa nje. Kamera ione nyuso zote mbili, na maikrofoni iwe karibu, maana sauti ikififia mtu atakisia alichosema badala ya kukumbuka alichowaza. Chaji betri, stima isikuangushe.

Wakimaliza tu, watenganishe vyumba. Kila mmoja atazame rekodi, aisimamishe kila sekunde 20 na kuandika kwenye fomu alichowaza, kama walivyofanya mtafiti Alan Sillars na wenzake katika utafiti wa wanandoa waliouchapisha mwaka 2000. Hiyo ni vituo 30. Mwanasaikolojia William Ickes humwachia mtu asimamishe mwenyewe pale anapokumbuka wazo, na njia yake hupunguza mawazo ya kubuni. Lakini wewe unataka kuwalinganisha wawili kwa dakika ileile, kwa hiyo shika sekunde 20 na uweke kisanduku cha “sikumbuki”. Bila hicho watakutungia.

Kosa kubwa liko kwenye swali lenyewe. “Unawaza nini hapa?” huleta maoni ya sasa, baada ya mtu kujua ubishi uliishaje. Uliza: “Wakati ule, kabla hujajua atajibu nini, uliwaza nini?” Rudia maneno hayo kila kituo, hata kama yanakuchosha. Waandike kwa lugha ambayo wazo lilikuja nayo, Dholuo, Kiswahili au Sheng, nawe tafuta wapimaji, yaani watu watakaotoa alama, wanaoijua lugha hiyo. Ukitafsiri kwanza, ukali wa wazo hupotea.

Tuseme wanabishania mchango wa matanga. Dakika ya 3 na sekunde 40 mume anasema, “Sawa, tuma,” sauti imetulia. Kwenye fomu yake: “Kwetu hajawahi kutuma hata mia tano.” Kwenye fomu ya mke, sekunde zilezile: “Angalau ameelewa.” Kisha kila mmoja hutazama rekodi tena na kukisia mwenzake aliwaza nini kwenye kila kituo. Katika mzunguko huo wa pili, mke anapokisia wazo la mumewe, anaandika: “Anahesabu kama pesa zitatosha.” Hiyo ni alama 0. Maneno yale mawili ya mume yasingekuonyesha lolote, na ndiyo sababu ninataka uifanye kazi hii vizuri.

Alama ni 2 kisio likilingana na wazo, 1 likikaribia, 0 likipotea. Mume akiwa na “sikumbuki” 6, yamebaki mawazo 24, upeo 48. Mke akipata 12, usahihi wake ni asilimia 25. Wapimaji wasipungue wawili, kila mmoja apime bila kuona alama za mwenzake.

Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, viwe mkononi kabla ya kumwita mtu yeyote. Uliza kuhusu kupigwa au kutishwa kila mmoja akiwa peke yake, siku tofauti na ya kurekodi. Mmoja akionyesha woga, wasishiriki, na mwenzake asiambiwe kwa nini. Fomu zibebe namba badala ya majina, na isiondoke hata moja chumbani mwako: ile ya “hata mia tano” ikisomwa nyumbani, utakuwa umewaongezea ugomvi.

Jaribu na jozi tatu kwanza. Nitumie fomu tupu kabla hujazichapisha, nione umeliandikaje lile swali.

Mama yako