Kitunguu Saumu Kilipoisha Jikoni

Hapa Mtwara samaki na nazi havitusumbui, lakini kitunguu saumu hutufikia kutoka nyanda za baridi kama Mbulu, mkoani Manyara. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi, nilifungua kikapu changu nikakuta maganda matupu, na genge la jirani nalo halikuwa na hata kichwa kimoja. Jioni ile nilikuwa na vibua wa kupika kwa tui, nami nikawatia tangawizi maradufu ili kuziba pengo. Mume wangu alikula kimya, kisha akauliza kama chakula kile kilikuwa dawa ya mafua.

Tangawizi huwasha ulimi, ilhali kitunguu saumu huupa mchuzi ladha nzito, kwa hiyo kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Tangu siku ile, kikiniishia, hukata vitunguu maji vyembamba na kuvikaanga kwa moto mdogo hadi viwe vya kahawia, kisha hutia nyanya na kuzikausha motoni vizuri kabla ya kumimina tui. Ndimu huikamulia mwishoni. Kwa mbaazi za nazi, njia hiyo inatosha kabisa.

Kitunguu saumu kikiwapo, kitwange kinuni na kukiacha kwa dakika 10 hivi kabla ya kupika, kwa sababu ile harufu kali haimo ndani ya punje nzima, bali hutokea punje inapopondwa na kimeng'enya chake, yaani kichocheo cha asili kilichomo ndani yake, kuanza kazi, kazi ambayo moto huikatiza. Tena usikitangulize kwenye mafuta ya moto, maana huungua upesi kuliko kitunguu maji na kuwa kichungu.

Kuhusu akiba, joto na unyevu wa pwani yetu hukifanya kioze au kichipue kikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kiweke kikiwa vichwa vizima kwenye kikapu kinachopitisha hewa, mbali na jiko. Wengi hukisaga, hukifunika kwa mafuta na kukiacha kabatini, jambo ambalo nami nililifanya kwa miaka, nikijiona hodari. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, hustawi pasipo hewa kama ndani ya mafuta hayo, na sumu yao haibadilishi harufu wala ladha. Ukikisaga, kigandishe kwenye friza kwa vipande vidogo.

Punje zilizochipua nazo usizitupe. Mimi nimezipanda kwenye kopo kuukuu la maziwa dirishani, na majani yake nayakatia kwenye mchuzi wa dagaa.