Usinunue seli hizo za 9900 mAh! Anza na ampea za balbu

Rudisha hizo pesa mfukoni kwanza. Umesema uko Kisumu, una tochi ya halojeni yenye balbu ya volti 6, wati 30, inayobeba seli mbili za 18650 (betri za lithiamu za kuchaji, milimita 18 kwa 65), na umeonyeshwa zile nyekundu zilizoandikwa 9900 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) eti zinakaa na chaji. Hazikai. Hakuna 18650 inayofika 9900. Nyingi zilizo bora huishia karibu na 3500. Mwombe sonara mizani: seli halisi ina gramu 44 hadi 49. Ikisoma 30, umeuziwa ganda.

Hata hizo mAh zingekuwa za kweli, zinakuambia chaji iliyomo tu, si kasi ya kuitoa. Gawa 30 kwa 6: ampea 5. Seli mbili zilizofuatana (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) zikijaa ni volti 8.4, kwa hiyo balbu itavuta hata zaidi ya 5.5. Hapo waya wake umeshawaka. Ukiwa baridi, ukinzani ni mdogo mara kumi au zaidi, na ukibonyeza swichi inanyonya mkupuo wa umeme. Seli yenye kinga (kisaketi kidogo cha kukata umeme) inadhani ni shoti, inajikata. Tochi inawaka kufumba na kufumbua, kisha giza. Muuzaji anakuambia balbu imekufa, anakuuzia nyingine, nayo inafanya vilevile. Watu hawa wangekuwa mafundi wa magari, ukipata pancha wangekubadilishia taa.

Wabaya zaidi ni wanaosema "toa seli kwenye betri ya laptopu iliyokufa, ni bure." Seli zile zimechoka, na hazikuchoka sawasawa. Ile dhaifu inaisha kwanza, mwenzake anaendelea kuusukuma umeme kupitia kwake hadi chanya na hasi zinageuzana. Inapata moto, inatema gesi, na gesi haina pa kutokea: alumini pande zote, mpira wa kuzuia maji kila penye nyuzi za kufungia. Tochi imekuwa bomba lenye presha, na umelishika karibu na uso.

Kwa hiyo ampea kwanza, mAh baadaye. Tafuta seli mbili mpya, za aina moja, zilizonunuliwa pamoja, zenye kutoa ampea 10 au zaidi mfululizo. Samsung 25R ni mfano: 2500 mAh tu, lakini ampea 20. Itakupa dakika 25 hivi za mwanga, na usimsikilize anayekuahidi usiku kucha. Haina kinga, kwa hiyo kinga ni wewe: mwanga ukianza kuwa wa manjano, zima. Pima kila seli kwa mita. Ikishuka chini ya volti 3, au zikipishana zaidi ya volti 0.1, usiwashe tena kabla ya kuchaji kila moja peke yake.

Chaja? Yoyote inayochaji kila seli kivyake na kuachia kwenye volti 4.2. Balbu zikipasuka pindi seli zikitoka kwenye chaja, zitoe seli kwenye chaja zikifika 4.1.