Jibu: Hiyo oda ya adungu 20 isikutoe roho, mwalimu

Usisaini. Nimesoma swali lako, mwalimu wa Masindi, hapa hapa Uganda, chai ikapoa mezani. Unasema shule moja ya binafsi imekuagiza adungu 20, vile vinubi vya mbao na ngozi, ziwe tayari kabla ya mashindano ya muhula wa pili, afisa mikopo ameshakuletea fomu za mkopo wa mshahara, na sasa unataka kujua upange vipi ratiba, usajili vipi jina la biashara, umwambie nini mkuu wa shule, na kama unaweza kuuza nje ya nchi. Maswali manne, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu mbao. Mbao ziko wapi? Mti ulikatwa lini? Kama jibu ni "kuna mzee ataniletea magogo wiki ijayo", ndugu yangu, hapo huna oda, una kesi.

Mimi nafundisha historia na Kiswahili huku Arua. Adungu ni ala ya kwetu Waalur, nimeanza kuichonga kabla sijajua kuandika azimio la kazi. Nayasema haya usije ukafikiri yaliyonipata yalitokana na mkono mbovu. Mkono ulikuwa sawa. Masikio ndiyo yalikuwa na shida, yalisikiliza watu wasiofaa.

Mnaikumbuka 2022. Mwalimu wa sayansi mwenye digrii akapandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa sanaa tukabaki na milioni moja na chenji ya chai. Mwezi wa Juni tukaweka chaki chini, baadaye tukaiokota wenyewe. Basi hapo ndipo walipoanza kutujia wale wa semina za ujasiriamali. Wetu alikuja na projekta na viatu vinavyong'aa, akatuambia mteja akikuuliza kama unaweza, wewe sema ndiyo, namna ya kuifanya utaijua mbele ya safari. Tukapiga makofi! Walimu wazima, watu tunaowakata watoto maksi kwa kujibu swali ambalo hawajalisoma. Na mlangoni akatuuzia kijitabu. Siku hizi nikimfikiria naona alikuwa na haki ya kusema vile, kwa sababu bidhaa yake yeye ilikuwa maneno, na maneno hayapasuki.

Mwaka uliofuata ikaja oda inayofanana na yako kama pacha. Shule ya binafsi, upande wa Wakiso, mkurugenzi mwenye sauti nzito kwenye simu: adungu ndogo, za kati na za besi, zifike kabla ya mashindano, malipo mzigo ukifika. Nikasema ndiyo. Nikachukua mkopo wa mshahara, nikanunua magogo mwezi wa Aprili. Aprili, huku West Nile, mvua ndiyo kwanza imefungua! Gogo ukilipiga tezo linakurushia maji usoni. Nami nikajisifu kwamba linachongeka kama siagi.

Sasa nisikilize vizuri. Mbao mbichi ni tamu kuchonga, hilo kweli, na mafundi wengi huchonga umbo la kwanza ikiwa mbichi. Shida ni kumalizia ikiwa mbichi. Mbao ikikauka husinyaa, na haisinyai sawa pande zote: kwa kufuata zile duara za umri wa mti inasinyaa zaidi kuliko kutoka kwenye kiini kwenda kwenye ganda. Kwa hiyo lile tundu la kigingi cha kukazia uzi ulilolitoboa kwa keekee likiwa duara kamili, baada ya muda si duara tena, limebonyea upande mmoja. Kigingi nacho kimekauka kivyake. Vikishakosana hivyo, kigingi kinashika sehemu mbili tu, na uzi ukivutwa kinarudi nyuma polepole. Huko chini ngozi ya ng'ombe uliyoivalisha ikiwa imeloweshwa imeshakauka na inakaza, inavuta midomo ya bakuli, yaani tumbo la ala, ambalo bado linajikunja. Shingo nayo inabebeshwa mvuto wa nyuzi zote za nailoni kwa pamoja. Kitu kimoja lazima kikubali kushindwa, na huwa ni ufa unaoanzia kwenye ncha, kwa sababu ncha ndizo zinazokauka haraka kuliko katikati.

Siku ya kufunga mzigo kwenye basi zilikuwa nzuri, nakuapia. Nilizipiga picha. Picha hizo bado watu wananipongeza nazo, sijui nizifute?

Nilialikwa kwenye mashindano, nikakaa mstari wa mbele kama baba wa bwana harusi. Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili, katikati ya ubeti, nikamwona binti mmoja wa adungu ya kati amebana kigingi kwa mkono wa kushoto ili kisiteleze, anapiga kwa mkono wa kulia peke yake, huku anatabasamu kwa majaji kama alivyofundishwa. Mwenzake wa pembeni akaona, naye akafanya hivyo hivyo. Besi ikashuka sauti yenyewe, ikawa inaimba wimbo wake. Mwalimu wao wa muziki aligeuka akaniangalia. Sikugundua kwamba kiti changu kilikuwa mbali na mlango mpaka dakika ile.

Mkurugenzi akazirudisha. Alilipa zile chache zilizosimama, zilizobaki zikarudi na basi lile lile, nauli juu yangu. Bakuli zilizopasuka ngozi zake nilizivua nikazitumia tena, mbao ikawa kuni, na mama watoto alipikia maharage ya gharama kubwa kuliko yote mkoani. Lakini mkopo wa mshahara, mwalimu, hauulizi kama mzigo umerudi. Unakatwa kabla pesa haijagusa akaunti yako, mwezi hadi mwezi, na yule afisa aliyekuletea fomu mpaka darasani hatakuja kukusalimia tena.

Na darasani je? Miezi ile nilikuwa nasahihisha kazi za kidato cha tatu usiku wa manane karakana, karatasi zina unga wa mbao. Mtaala huu mpya ulioanza 2020 unazipa alama za tathmini endelevu asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya UNEB, baraza letu la mitihani. Si mazoezi ya kuchorea vema tu ukaenda zako. Ukichelewesha kazi za watoto unawakata wao, na wao hawajakuagiza adungu.

Kwa hiyo ratiba unayoiulizia ni hii, sina nyingine: chonga likizo, uza muhula. Uza kilichokwisha kuning'inia ukutani. Usiuze tarehe.

Mungu ametupangia vizuri kuliko wizara. Kiangazi chetu ni Desemba hadi Februari, na likizo ndefu iko hapo hapo. Wakati huo ndipo unapomalizia. Likizo fupi za Mei na za Agosti chonga maumbo ya kwanza, acha kuta nene, paka ncha rangi ya mafuta au nta ili zisikauke mbele ya katikati, yafukie kwenye unga wa mbao kivulini, halafu rudi kwa wanafunzi wako. Kujua kama bakuli limekauka usitumie shavu wala kulinusa kama wazee wanavyotania: pima kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa penseli kwenye mbao yenyewe, pima tena baada ya wiki kadhaa. Uzito ukiacha kushuka, hapo toboa matundu ya vigingi. Mbao za unene wa inchi moja mafundi huzihesabia kama mwaka mzima zikikaushwa kwa hewa tu, bakuli lililochongwa jembamba huwahi zaidi, ila mizani ndiyo inayosema.

Wachongaji wa amadinda, marimba ya mbao, nao wasijione salama. Lusambya, mti wanaouchongea, ni mzuri, lakini ubao uliouwianisha sauti ukiwa mbichi utapanda sauti ukikauka, utabaki unauparura katikati kila muhula mpaka uishe.

Mauzo ya nje: adungu ya ngozi ya ng'ombe ina nafuu. Ukianza kufikiria endongo (zeze la bakuli) au engalabi (ngoma ndefu) ya ngozi ya kenge, simama kwanza, kenge yumo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na bila kibali mzigo unakamatwa. Jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, hiyo ni kazi ya siku za baadaye, jina halipasuki.

Sasa chukua simu, mpigie huyo mkurugenzi wako leo, kabla ya fomu za mkopo. Mwambie: "Zilizo tayari ni hizi, njoo uzipige mwenyewe, nusu unalipa ukizichagua na nusu ukizibeba. Zilizobaki zitakuwa tayari Februari." Akisema mashindano hayasubiri, mwambie akodi kwa kikundi cha kanisani, vingi vina adungu nzuri. Akikata simu, mwache akate. Na kama tayari una magogo uani, niandikie unene wake na tarehe ya kukatwa, hayo mengine tutayaongea baadaye.