Stivia nyumbani: sahau unga mweupe, tengeneza maji yake

Mkuu, umeuliza utapataje ule unga mweupe wa dukani kutoka kwenye majani ya stivia, ule mmea wenye majani matamu, uliyompandia mama mwenye kisukari. Ninalima stivia na kuichuja mwenyewe huku Arusha. Kwa jikoni huo unga hutaupata. Kiwandani majani hulowekwa kwenye maji moto, maji yakasafishwa na kupitishwa kwenye resini inayonasa utamu, kisha utamu ukatolewa kwa spiriti na kugandishwa kuwa chenga. Nyumbani utaishia kwenye maji ya kahawia, na kwa chai yanatosha kabisa.

Kazi kubwa iko kwenye kuvuna na kukausha. Vuna vitumba vya maua vinapoanza tu kujitokeza. Maua yakichanua, utamu wa majani hupungua. Pukuchua majani, vijiti tupa, vina utamu kidogo sana. Tandaza safu moja juu ya wavu, kivulini penye joto na upepo, yakauke haraka. Yakikaa na unyevu yanageuka meusi na ubora unashuka. Jani lililokauka sawasawa hubaki kijani, na ukilifikicha kiganjani linasagika lote. Likijikunja tu, lirudishe kwenye wavu.

Glasi moja ya majani yaliyofikichwa, glasi mbili za maji yaliyochemka kisha yakapoa kidogo. Funika nusu saa, chuja mara mbili kwa kitambaa safi cha pamba. Usikamue! Ukikamua, vumbi la majani linapita na maji yanabaki na ladha ya nyasi. Yarudishe moto mdogo yapungue hadi nusu. Utamu wenyewe, yaani steviosidi, hauharibiki kwa moto wa jikoni. Tia kwenye chupa iliyochemshwa, weka kwenye friji, tumia ndani ya wiki. Kuna wanaoloweka kwenye pombe kali. Mimi siipendi njia hiyo, pombe inavuta ukijani na uchungu mwingi.

Anza na matone machache kwa kikombe. Steviosidi iliyosafishwa ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, na hata maji haya ukizidisha yanaacha uchungu ulimini.

Sasa kuhusu mama. Waguarani, wenyeji wa asili wa Paraguay, walitumia jani hili tangu kabla mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni hajaliandika kitaalamu mwaka 1899, lakini vibali vya leo, kama cha Umoja wa Ulaya cha 2011, vilitolewa kwa utamu uliosafishwa. Marekani nayo inakubali utamu uliofikia usafi wa angalau asilimia 95, siyo majani ghafi. Kwa hiyo mwambie daktari wake kabla hajaanza, na dawa zake asiache hata siku moja, maana stivia haitibu kisukari. Ukiamua kununua unga wa dukani, soma nyuma ya pakiti: nyingi zimechanganywa na dekstrosi (aina ya sukari) au maltodekstrini (aina ya wanga), na hizo zinapandisha sukari mwilini.