Bodi ya Mjomba

SWALI: Mwalimu, hujambo? Kijana wangu ana miaka 11. Mjomba wake aliyeko Denmark amemletea skeitibodi, ubao wa kusimamia wenye magurudumu manne, na tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Anataka kuteremka nayo barabara ya mbele ya geti letu, yenye lami nzuri lakini matatu hukata kona papo hapo. Nimeificha juu ya kabati. Je, nimkataze kabisa, au inawezekana kujifunza bila kung'oka meno? Na mimi mwenyewe, wa miaka 38, naitamani kimyakimya. – Mama Kijana, Buruburu

JIBU: Sijambo, dada. Ishushe bodi, ila barabara hiyo aisahau. Hata matatu zisingekuwepo, mteremko haumfai asiyejua kusimama. Bodi haina breki, na ikishika kasi huanza kuyumba hadi imtupe. Watoto wengi wanaokuja kwangu Jumamosi wanajua kuondoka tu. Ukiwauliza watasimamaje, wanacheka.

Geuza bodi uyabonyeze magurudumu kwa ukucha. Yakiwa magumu kabisa, ni ya saruji iliyosawazishwa vizuri ya uwanja wa skeiti. Hapo mtaani kijiwe kidogo tu kitayakwamisha: bodi itasimama, mtoto ataendelea na safari. Yaliyo laini, kama yale yaliyoandikwa 78A (namba ya ugumu wa gurudumu), huvuka vijiwe kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, njia za matofali ya kabro achaneni nazo. Tafuteni uwanja wa basketboli wa shule siku isiyo na masomo, na mwende na ufagio. Sitanii, ufagio ni kifaa cha usalama.

Aanze kwenye nyasi, bodi isikotembea. Asimame nyayo zikiwa juu ya boliti zinazoshika ekseli za magurudumu, magoti yamekunjwa. Kujua mguu upi utangulie, mwambie akimbie na soksi kwenye vigae vya sebuleni kisha ateleze. Ule unaotangulia wenyewe ndio wa mbele. Akihamia sarujini, somo la kwanza liwe kusimama: uzito ubaki mguu wa mbele, wa nyuma ushuke taratibu na soli nzima iburuze chini. Raba za soli bapa zinatosha. Kandambili, hapana.

Sasa kuanguka, maana ataanguka. Mwili wa binadamu ukipoteza mhimili hunyoosha mkono kuidaka ardhi, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Kuna kifupa kidogo upande wa dole gumba ambacho kikivunjika huchelewa kupona, kwa sababu damu hukifikia kwa shida. Wengine hudhani wameteguka tu, wanachua na kusubiri. Maumivu yakikaa hapo, nendeni mkapigwe picha ya eksirei. Kwa hiyo mfundishe nyumbani, juu ya godoro, bila bodi: achuchumae, akunje viwiko, kidevu kifuani, abiringike kwa bega. Arudie hadi achoke, kisha arudie tena. Wanaojua kuanguka huchuchumaa kwanza, wakaanguka wakiwa tayari karibu na ardhi.

Kinga za vifundo vya mikono zenye kipande cha plastiki kiganjani ndizo ningenunua kabla ya za magoti. Kofia ngumu nayo haina mjadala. Ya skeiti hushuka hadi kisogoni, kwa sababu bodi ikichomoka mbele unaangukia nyuma. Ya baiskeli ni afadhali kuliko kichwa wazi, lakini nyingi huacha kisogo nje. Ya bodaboda ni nzito mno kwa shingo ya mtoto. Na ya mtumba iliyo na ufa, hata uwe mwembamba, iache sokoni.

Nawe dada, miaka 38 haizuii kitu. Tofauti ni kwamba unaanguka kutoka juu zaidi na kwa uzito zaidi. Chukua spana, kaza kidogo ile nati kubwa ya katikati kwenye kila ekseli, bodi iache kulalia upande ovyo. Kisha vaa kinga zako zote mbele ya kijana, bila hata kumwambia kitu. Ukizivua, naye atazivua. Kuhusu kuchekwa, mtachekwa wote wawili. Nendeni Jumapili alfajiri, kabla watoto wa uwanja wa basketboli hawajaamka.