Barua kwa mwanangu: kutochaguliwa si kukataliwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, mara mbili nikiwa wodini na mara ya tatu hapa nyumbani Korogwe, nilipokwisha kuvua viatu vya zamu. Umeandika kwamba jina lako halikutoka tena katika orodha ya waliochaguliwa kusomea Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, na kwamba hii ni mara ya pili, kisha ukaniuliza: "Mama, wewe umeishi na wagonjwa zaidi ya miaka thelathini. Niambie ukweli, walionikataa wameona kitu ambacho wewe hukioni kwa kuwa ni mzazi wangu?" Nimeamua kukujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningetafuta maneno ya kukubembeleza badala ya kukujibu.

Hapana, hawakuona kitu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuona. Maombi yako yaliingia katika mfumo wa pamoja wa udahili wa vyuo vya afya vya serikali, ambao husoma alama zako za kidato cha nne na vyuo ulivyovitaja, ukavipima na nafasi zilizopo. Hukufanyiwa usaili. Hakuna mkufunzi aliyekutazama usoni akatikisa kichwa. Wewe unasema "walionikataa", lakini soma tena taarifa uliyonitumia: imeandikwa kwamba hukuchaguliwa. Mgonjwa akifika kwetu wodi imejaa, tutamlaza chini, au tutampandisha kitanda kimoja na mwenzake, au tutamwandikia rufaa. Lakini sijapata kuona muuguzi anayeandika kwenye faili lake kwamba hana ugonjwa kwa sababu kitanda kimekosekana. Nawe umeyasoma majibu ya kitanda ukadhani ni majibu ya vipimo.

Sasa nikuambie upande ambao hutaupenda. Sifa za chini za kuomba stashahada hiyo ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia, na wewe unazo. Una C ya Biolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia. Lakini D huanzia alama 30 na kuishia 44, na sifa za chini hukupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Mbele yako kwenye foleni hiyo wamo wenye C tatu, wenye B, na hata waliomaliza kidato cha sita wakaona bora stashahada ya uhakika kuliko kusubiri shahada. Isitoshe, mara zote mbili ulitaja vyuo vilevile, vya Dar es Salaam na vya miji mikubwa, ambako kila mtu anataka kwenda. Nilikuuliza mwaka jana kwa nini hukutaja hata chuo kimoja cha wilayani, ukaniambia huko hakuna mtandao. Nilicheka, na nilikosea kucheka, ilinipasa nikubishie.

Hujawahi kunisikia nikieleza jinsi mimi mwenyewe nilivyoingia kazini, kwa kuwa si habari ninayoipenda. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1983. Nilipoomba kwa mara ya kwanza mafunzo ya wahudumu wa afya ya mama na mtoto, wale tuliowaita MCHA, mwenzangu wa kijijini aliitwa na mimi sikuitwa. Niliitwa mwaka 1987. Katikati hapo sikufanya jambo lolote la kishujaa: nililima mahindi, niliuza maandazi, na kila yule mwenzangu aliporudi likizo na sare yake nilipita njia ya nyuma nisikutane naye. Nakuambia haya ili ujue kwamba hiyo hali ya kujifungia chumbani kwa mama yako mdogo huko Mbagala, usipokee simu za rafiki zako waliochaguliwa, mimi naifahamu na siioni kuwa ni utovu wa adabu wala udhaifu. Ila mimi niliiacha idumu mno, na rafiki yule sikumpata tena kama alivyokuwa.

Umeniomba ukweli, basi sehemu ya swali lako ambayo mfumo hauwezi kuijibu nitaijibu mimi, kama muuguzi. Unafaa? Babu yako alipokuwa na kidonda cha kisukari, wewe ndiye uliyeandika kwenye daftari saa ya kila sindano na kila mara kitambaa kilipobadilishwa, hata siku ambayo ulisahau ukaandika "nimesahau". Daftari lile nililionyesha kwa wenzangu kazini, maana kuna watu wenye vyeti ambao hawaandiki walichosahau. Hilo liko upande wako. Lililo upande wa pili ni kwamba hupendi kuulizwa mara mbili. Kazi hii ni ya kuulizwa mara mbili. Kabla ya kutoa dawa tunahakiki mgonjwa ni yule, dawa ni ile, kipimo ni kile, njia ni ile na wakati ni ule, na mwenzako akikuuliza "umehakikisha?" hakutukani, anamlinda mgonjwa na anakulinda nawe. Ukinuna hapo, utakuja kuua mtu. Jambo hilo hufundishika, na watakaolipima wapo: wakufunzi katika mafunzo kwa vitendo wodini, na baadaye Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo hutahini mtu kabla ya kumpa leseni. Hao wakikwambia hufai, uje tuzungumze upya. Bado hujafika kwao.

Kuhusu la kufanya, mimi ningependa urudie Kemia na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea katika mtihani wa Novemba. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo ulizia kituo mapema. Ukiona huwezi kungoja, vipo vyuo vya binafsi na vya mashirika ya dini, lakini kabla ya kulipa hata shilingi hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati. Nimezungumza na baba yako: fedha ya kikoba inatosha ada ya muhula mmoja, haizidi hapo, na stashahada ni miaka mitatu. Sitaki uanze kisha tukurudishe nyumbani katikati. Yule kijana uliyesema anaweza "kukusukumia" jina kwa laki tatu, usimjibu tena. Maabara na famasia ni kazi njema, na ukizitaka kweli nitakuunga mkono, ila usizikimbilie kwa hasira.

Jambo moja ni kosa langu. Niliwatangazia wanawake wa kikoba kwamba mwezi wa Septemba unaingia chuo, hata maombi yalikuwa hayajafungwa, na najua kwamba sehemu ya aibu unayoibeba imetoka kwenye ulimi wangu. Jumapili iliyopita nilisimama nikawaambia kwamba hukuchaguliwa. Walinyamaza kidogo, kisha wawili wakasema na wa kwao hawakuchaguliwa. Mmoja alikuwa amewaambia watu kwamba binti yake ameamua mwenyewe kupumzika mwaka huu.

Leo niko zamu ya usiku, kwa hiyo usinipigie kabla ya saa nne asubuhi. Mama yako mdogo ameniambia siku hizi unakunywa chai tu. Kula. Kisha panda basi uje Ijumaa, nami nitakuwa nyumbani. Nimekutafutia kile kitabu cha Kemia cha kaka yako. Kurasa za mwanzo za mada ya mole zimechanika, lakini mwalimu wa jirani yetu amekubali kukufundisha mada hiyo jioni, na ameshaniuliza mara mbili kama kweli utakuja.

Mama yako