Wasomaji Wanauliza: Pia Ipi Ndiyo Bora?

SWALI: Bwana Mhariri, salaamu. Ndugu yangu aishiye Japani aliwaletea wanangu pia tatu za Beyblade X, zile za Kijapani za kupambanishwa, pamoja na uwanja wake: Dran Sword 3-60F, Wizard Arrow 4-80B na Knight Shield 3-80N. Likizo iliyopita niliwapambanisha na kuandika matokeo daftarini. Katika mapambano 10 baina ya Dran Sword na Wizard Arrow, Wizard Arrow ilishinda 6, yote kwa kubaki ikizunguka baada ya mwenzake kulala. Dran Sword ilishinda 4: mara mbili iliirusha Wizard Arrow kwenye shimo la katikati kati ya yale matatu ya ukingoni mwa uwanja, mara moja kwenye shimo la pembeni, na mara moja iliipasua vipande. Mwanangu mkubwa, mwenye Dran Sword, sasa anadai kwamba amepewa mbovu na anataka kubadilishana na mdogo wake. Je, anasema kweli? Na mtu anaipimaje sehemu moja moja ya pia hizi?
Baba wa wawili, Mombasa

JIBU: Ahsante kwa daftari lako, kwa sababu bila daftari nisingekuwa na la kukujibu. Mwanao amehesabu ushindi, ilhali mchezo huu unahesabu pointi. Pia inayobaki ikizunguka baada ya mwenzake kusimama hupata pointi 1. Inayomtupa mwenzake katika shimo la pembeni hupata 2. Inayompasua, yaani kumfungua sehemu zake zikaachana, hupata 2. Na inayomtupa katika lile shimo la katikati hupata 3. Anayefikisha pointi 4 kwanza ndiye mshindi wa mchezo. Sasa rudi kwenye daftari: Wizard Arrow imejikusanyia pointi 6, na hiyo Dran Sword inayoitwa mbovu ina pointi 10. Mdogo mtu, kama ana akili, atakubali kubadilishana leo kabla ya magharibi.

Hata hivyo, mapambano 10 ni machache, na wala sijui ni nani aliyekuwa akirusha ipi. Mkono wa mtoto mkubwa una nguvu kuliko wa mdogo, na nguvu ya mkono huonekana kwenye pia kana kwamba ni sifa ya pia yenyewe. Warudishe uwanjani kwa mapambano 20, wabadilishane pia baada ya kila matano, watumie kifyatulio kimoja kwa zamu au viwili vya aina moja, na uandike kila pambano limekwishaje, si nani ameshinda tu. Safu ya "limekwishaje" ndiyo itakayokufundisha mengi kuliko nyingine zote.

Kuhusu sehemu, kila pia ya aina hii ina tatu. Juu kuna bamba la chuma na plastiki, na humo ndimo uzito ulimo: bamba peke yake hupita gramu 30, wakati racheti ya katikati ina gramu 6 hivi na ncha ya chini ina gramu 2 hivi. Kwa hiyo anayetaka kupima pia aanze na bamba, na asiridhike na uzito wa jumla, bali atazame uzito huo umekaa wapi. Chuma kilichosogezwa ukingoni huifanya pia iwe ngumu kusimamishwa, na ndiyo maana Wizard Rod, pia nyingine ya Beyblade X iliyotoka mwaka 2024, iliwatia tumbo joto wachezaji wengi: ni duara, ina chuma chake pembeni kabisa, na ukiigonga haikupi pembe ya kushikia. Dran Sword ni kinyume chake. Bamba lake lina meno makubwa yaliyochongwa ili yagonge, na kila linapogonga nayo hupoteza mwendo wake. Haikuundwa ikae uwanjani muda mrefu. Ikifika dakika ya pili imekwisha kushindwa, na kuilaumu kwa hilo ni kumlaumu mkimbiaji wa mita 100 kwamba hakumaliza maili.

Tarakimu za katikati zina maana iliyo wazi. Katika 3-60, tatu ni idadi ya pembe za racheti, na 60 ni kimo cha milimita 6.0, katika 4-80, pembe ni nne na kimo ni milimita 8.0. Milimita mbili zaonekana si kitu, lakini inama usawa wa uwanja mapambano yanapoanza uone: bamba la Dran Sword hupita chini ya bamba la Wizard Arrow na kuigonga ile racheti iliyo wazi, na racheti ikigongwa hivyo huzungushwa hadi pia ifunguke. Pale ilipopasuka Wizard Arrow yenu, nadhani ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka hakika, ivue Wizard Arrow racheti yake ya 4-80, uipe 3-60 ya Dran Sword huku ukiiachia ncha yake ileile, kisha uipambanishe na Knight Shield kabla na baada. Badilisha sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mbili kwa pamoja hatajua ni ipi iliyomsaidia, na nimewaona watu wazima wakilifanya kosa hili kwa kujiamini kabisa.

Ncha ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo inayoamua mwendo. F ni ncha bapa na pana, inayokimbia ovyo uwanjani; N ni kali kama msumari na hukaa mahali pamoja; B ni ya mviringo, nayo huiwezesha pia iliyochoka kuyumba taratibu bila kulala. Juu ya ncha kuna gia ndogo, na gia hiyo ikikamata reli yenye meno iliyozunguka ukingo wa uwanja, pia huchomoka kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Zile pointi tatu tatu za Dran Sword zilitokana na hapo. Zaidi ya hayo, ncha ndiyo inayoshikilia kufuli la pia nzima, na ncha ya F hushika kwa nguvu zaidi kuliko B na N, kwa hiyo mtu anayeilaumu racheti kwa kupasuka mara kwa mara aichunguze ncha kwanza. Aitazame vilevile kwa uchakavu. Ncha bapa iliyotumika sana huwa na ukingo uliolainika, na pia ileile iliyokuwa ikikimbia vizuri Januari huanza kuteleza bila kuikamata reli.

Ukiweza, azima mizani ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Mabamba mawili ya jina moja hayalingani uzito sawasawa, na wachezaji wa mashindano hununua zaidi ya moja ili wachague lililo zito. Kwa wanao sioni haja.

Mwisho, usimruhusu mwanao akwambie kwamba sehemu fulani ni bora bila kusema iko pamoja na nini. Itie ncha ya F kwenye Wizard Arrow, na utapata pia inayokimbia sana isiyogonga chochote cha maana. Isitoshe, katika mashindano ya pia tatu kwa tatu hairuhusiwi kurudia sehemu yoyote, hivyo mwenye ncha moja nzuri sana bado anahitaji nyingine mbili za kusimama nazo, na ncha ya tatu kwa ubora inaweza kuwa ndiyo inayompa au kumnyima ushindi.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi hatuna uwanja, kwa hiyo tunachezea ndani ya karai la kufulia. Pia yangu ya kushambulia hushindwa kila siku na ya rafiki yangu, ambayo inakaa tu katikati. Nibadilishe nini?
Mwanafunzi wa darasa la saba, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubadilishe karai. Karai halina reli, kwa hiyo gia ya pia yako haina cha kukamata. Wala halina mashimo, kwa hiyo hakuna pa kumtupia mwenzako. Umemnyang'anya mshambuliaji silaha zake zote mbili, kisha mteremko wa karai unamrudishia rafiki yako pia yake katikati kila unapoisukuma. Karai linapima kitu kimoja tu, yaani ni nani atazunguka muda mrefu, na kwa kipimo hicho ncha ya B au N kwa kawaida itashinda F. Hata pia zetu za mti wa mpera, zilizopigiliwa msumari chini na kuzungushiwa kamba, zilifuata kanuni hiyo: msumari butu ulitangatanga uwanja mzima, na mkali ulizunguka kwa utulivu pale pale ulipoangukia.

SWALI: Kwa nini pia ya Beyblade X iitwayo Cobalt Dragoon inasifiwa hivi? Mjomba wangu anasema kwamba inaiba nguvu za mwenzake.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mjomba hajakosea sana. Cobalt Dragoon 2-60C huzunguka kwenda kushoto, na nyingi kati ya nyingine huzunguka kulia. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja, kingo zao zinapokutana huwa zinakwenda pande zinazopingana, kama magari mawili yanayogongana uso kwa uso, na zote mbili hupungukiwa mwendo. Zikizunguka kinyume, kingo hukutana zikielekea upande mmoja, kama magurudumu mawili ya gia, na iliyo na mwendo zaidi huisukuma iliyochoka. Ndiyo maana mwishoni mwa pambano utaona pia ya kushoto, iliyokuwa inakaribia kulala, ikiamka kidogo kila inapoguswa. Faida hiyo hupotea ikikutana na mwenzake wa kushoto. Kabla hujainunua, hakikisha una kifyatulio cha kushoto, kwa sababu cha kulia hakiishiki kabisa.